HD ina faida gani kwa anayecheza? Jibu kwa kijana wa Katuba

Kijana mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, ameniandikia hivi: «Papa fundi, jambo. Niko na chumba kidogo cha michezo hapa kwetu: PlayStation 3 nne, mbili nimeziunga kwenye televisheni za chogo, mbili kwenye televisheni bapa za inchi 32. Tangu jirani aweke kioo kikubwa cha 4K, wateja wanahamia kwake, wanasema kwangu picha si HD, yaani si ya ubora wa juu. Nimeweka akiba kidogo. Kweli HD ina maana katika mchezo, ao ni maneno ya wauzaji? Nianze kununua nini?»

Jambo sana, mdogo wangu. Swali lako huletwa kwenye meza yangu ya kazi karibu kila juma. Nitakujibu kwa urefu, maana akiba ya chumba cha michezo hukusanywa mchezo kwa mchezo, na inauma kuiona ikiishia kwenye kitu kisichorudisha mteja hata mmoja.

Kutoka kwenye chogo kwenda HD faida ni kubwa, na kama ningekuwa wewe nisingengoja. Kutoka HD kwenda 4K, kwa PS3 ulizo nazo na kwa jinsi watu wanavyokaa katika vyumba vyetu, faida ni ndogo mno. Kuna na jambo la tatu ambalo hukuliuliza: kuchelewa kwa picha. Nashuku hilo ndilo linalowasumbua wachezaji wako wakali, hata kama neno linalotoka mdomoni mwao ni «HD».

Tuanze na hesabu ya nukta. Televisheni za chogo tulizokua nazo, za mfumo wa PAL au SECAM, zinabeba mistari 576 ya picha. Kwa lugha ya pikseli hiyo ni kama 720 kwa 576, yaani nukta 414,720. HD ya 720p ni 1280 kwa 720, nukta 921,600, zaidi ya mara mbili. Full HD ni 1920 kwa 1080, nukta 2,073,600. 4K ya televisheni ni 3840 kwa 2160, nukta 8,294,400, ambayo ni mara nne ya Full HD na mara tisa ya 720p. Tena chogo haichori mistari yake yote kwa mpigo mmoja: inachora ya witiri, kisha inarudi kuchora ya shufwa. Ndiyo maana mstari mwembamba wa uwanja, ule wa kati, unaonekana ukitetemeka.

Sasa tazama kinachotokea kwenye chogo zako. Xbox 360 ya Novemba 2005 na PS3 ya Novemba 2006 zilizaliwa kwa ajili ya televisheni bapa, na watengenezaji wa michezo wakaanza kuandika herufi ndogo wakijua kwamba mchezaji ana nukta za kutosha kuzisoma. Mchezo wa Dead Rising wa mwaka 2006 ulipata malalamiko mengi kwa sababu hiyohiyo: wenye televisheni za kawaida hawakuweza kusoma maagizo, na bila maagizo huwezi kwenda mbele. Kwenye mpira ni vilevile. Ukicheza kwa kamera ya mbali, ile inayoonyesha nusu ya uwanja, mchezaji mmoja kwenye kioo hafiki urefu wa kidole chako. Kwenye chogo, namba ya mgongoni inakuwa doa jeupe, ramani ndogo ya chini inakuwa vumbi la rangi mbili, na jina la anayeshika mpira unalikisia kwa herufi ya kwanza. Mteja anayeshindwa kujua kama mpira uko kwa mshambuliaji wake mwenye mbio au kwa kiungo mzito amenyimwa habari ya mchezo wenyewe. Hapo HD si urembo.

Ukitoka hapo, hesabu inabadilika, na kinachoibadilisha ni jicho. Jicho zima, likiwa mita moja kutoka kwenye kioo, linaweza kutenganisha nukta zilizoachana karibu milimita 0.3. Ukirudi mita mbili, inakuwa karibu milimita 0.6. Zikikaribiana zaidi ya hapo, nukta mbili zinaonekana kama moja. Chukua futi ya fundi cherehani upime televisheni yako ya inchi 32: upana wa kioo ni karibu sentimita 71. Gawa kwa 1280, kila nukta ya 720p ina milimita 0.55. Gawa kwa 1920, unapata 0.37. Gawa kwa 3840, unapata 0.18. Mteja anayekaa mita mbili kutoka kwenye inchi 32 yuko tayari mwishoni mwa uwezo wa jicho lake kwa 720p. Full HD atapata kidogo. Nukta za 4K, kwa umbali huo, macho yake hayana namna ya kuzipokea.

Kioo cha jirani yako, tuseme ni cha inchi 55, kina upana wa karibu sentimita 122. Hapo nukta ya 720p inafika milimita 0.95, na kwa mita mbili inaonekana wazi kama mchanga. Full HD inakuwa 0.63, palepale kwenye mpaka. Maana yake ni kwamba akicheza PS3 kwenye kioo kile, picha yake ya karibu ni mbaya kuliko yako. Kilichovuta vijana ni ukubwa, na ukubwa una raha yake, sitakataa. Lakini ukubwa ni jambo moja na idadi ya nukta ni jambo lingine.

Niongeze haki kidogo kwa upande wa pili, kwa sababu hesabu ya milimita haisemi yote. Mstari wa mshazari, kama wavu wa goli au ukingo wa paa la uwanja, unaonyesha ngazi ngazi ambazo jicho linazikamata hata kwa mbali, hasa picha inapotembea: zinametameta. Mashine inayochora nukta nyingi zaidi inazilainisha ngazi hizo, hata kama kioo chenyewe si kikubwa. Ndiyo sababu mpira wa PS4 uliochorwa kwa 1080p unaonekana mtulivu kuliko wa PS3 kwenye televisheni ileile. Tofauti ipo. Ila ni ya kupendeza macho. Haimsaidii mtu kupiga pasi.

Likizo iliyopita niliweka televisheni mbili za inchi 32 sebuleni kwangu, moja ya kioo cha Full HD, nyingine ya kile kioo cha kawaida cha 1366 kwa 768, na mchezo mmoja wa mpira kwenye PS4 mbili. Wapwa zangu watano walikaa kwenye mkeka, kama mita mbili nyuma. Niliwauliza ipi ni Full HD. Wawili walionyesha ya kushoto, wawili ya kulia, mdogo wao akaenda kugusa kioo kwa pua ndipo akajibu sawa. Halafu, bila kuwaambia, nilizima «Mode jeu», mpangilio wa televisheni wa kuchezea michezo, kwenye ile ya Full HD. Haikupita penalti moja. Aliyekuwa na maneti (kile kidude cha kuchezea chenye vitufe) mkononi alipiga, akageuka kunitazama: «Tonton, maneti hii imekufa?» Maneti ilikuwa nzima kabisa.

Hilo ndilo la kuchelewa, na nitakaa hapo kidogo.

Televisheni bapa ni kompyuta ndogo. Picha ikiingia, inaivuta ilingane na kioo, inaongeza rangi, inasafisha madoa, zingine zinabuni picha za katikati ili filamu itelezee vizuri. Kazi yote hiyo inachukua muda. Kwenye filamu hakuna anayejua, kwa sababu sauti nayo inacheleweshwa ili ilingane. Kwenye mchezo, kidole kimeshabofya na kioo bado kinafikiri. Televisheni iliyoachwa kwenye mpangilio wa sinema inaweza kuchelewa milisekunde 100 au zaidi. Mchezo wa mpira unaotoa picha 60 kwa sekunde unabadilisha picha kila milisekunde 16.7, kwa hiyo 100 ni picha sita zilizopotea. Piga hesabu ya mpira wenyewe: shuti la kilomita 90 kwa saa ni mita 25 kwa sekunde. Katika milisekunde 100 mpira umeshakwenda mita mbili na nusu. Kipa unayemwona kwenye kioo anaruka kwa mpira ambao, ndani ya mashine, tayari umempita.

Chogo haina shida hiyo. Inachora papo kwa papo, hakuna kompyuta katikati. Wale wakubwa wa mitaa yetu ya Kenya na Katuba wanaosema walicheza vizuri zaidi kwenye PS2 na televisheni nzito hawaoti. Vidole vyao vinakumbuka kitu cha kweli. Kwa hiyo ukitoa chogo ukaweka bapa bila kuipanga, umewapa wateja picha safi na umewanyang'anya mwitikio.

Basi kabla ya kutumia hata franki moja, fanya hivi leo jioni. Ingia kwenye menyu ya picha ya zile bapa mbili, tafuta «Mode jeu», iwashe. Chapa nyingine zinaificha chini ya mipangilio ya jumla, au inapatikana tu ukichagua mlango fulani wa HDMI. Zima vilainishi vyote vya mwendo. Punguza «netteté», yaani ukali wa picha, hadi chini ya nusu: inapozidi inachora utepe mweupe kuzunguka kila mchezaji, watu wakadhani ndiyo HD. Kisha tazama kingo. Kama ubao wa matokeo umekatwa kidogo juu au pembeni, televisheni inaikuza picha kupita kioo. Tafuta mpangilio wa ukubwa wa picha unaoonyesha picha nzima, na utaona herufi zinakaza palepale.

Kisha angalia nyaya. Hili limenihuzunisha mara nyingi: PS3 ilipotoka ilikuwa na uwezo wa HD, lakini ndani ya katoni iliwekwa ile waya ya vichwa vitatu, njano, nyekundu na nyeupe. Waya ya njano haiwezi kubeba HD kwa namna yoyote. Nimeingia vyumba vya michezo vyenye televisheni bapa nzuri na nikakuta njano imechomekwa nyuma, miaka na miaka, mwenye nyumba akiamini anaonyesha HD. Kama zako ziko hivyo, waya ya HDMI peke yake itakupa zaidi kuliko televisheni mpya. Ukishaibadilisha na kioo kikabaki cheusi usiogope: zima PS3, kisha shikilia kitufe cha kuwashia hadi usikie mlio wa pili, na itatafuta upya njia ya picha. Halafu ingia kwenye mipangilio ya video uhakikishe 720p imewekwa alama.

Kwa zile chogo mbili, mpaka utakapozitoa, tazama nyuma kama zina tundu pana la «péritel», lile la pini ishirini na moja. Televisheni nyingi zilizotoka Ubelgiji na Ufaransa zinalo. Waya ya RGB ya péritel, ukiichagua kwenye mipangilio ya PS3, inatuma nyekundu, kijani na bluu kila moja kwa njia yake badala ya kuzibana zote kwenye njano. Mistari inabaki 576, lakini rangi hazivuji tena na herufi zinasomeka. Inaponya pia ugonjwa wa picha nyeusi na nyeupe, ule unaotokea mashine ya PAL inapounganishwa na televisheni inayojua SECAM tu.

Huenda unajiuliza kama wenyewe wanaotengeneza michezo wanaamini nukta ndizo kila kitu. Tazama walichofanya, utapata jibu. Halo 3, mwaka 2007, mchezo mkubwa kuliko yote wa Xbox 360 wakati ule, ulichorwa kwa 1152 kwa 640, chini ya 720p. Bungie, waliouunda, walieleza kwamba walipendelea kutumia nguvu ya mashine kwenye mwanga. Mamilioni waliucheza bila kujua mpaka watu wakaanza kuhesabu nukta kwenye picha tuli. Call of Duty 4 ya mwaka huohuo ilichorwa kwa 1024 kwa 600 ili ishike picha 60 kwa sekunde, na wachezaji wakaipenda kwa sababu ya ule wepesi wa mkono. Wipeout HD ya PS3, mwaka 2008, ililenga 1080p, lakini mbio zikiwa na vurugu nyingi mashine inapunguza nukta za upana kimyakimya ili picha 60 zisivunjike. Hao ni watu wanaojua kazi yao, na walipobanwa walikata nukta wakaacha mwendo. Na Nintendo Wii, ambayo haikutoa HD hata siku moja, mwisho wake 480p, iliuzwa zaidi ya milioni 101, ikiipita PS3 na ikiipita Xbox 360, kila moja peke yake.

Sisemi hivyo kukuambia ubaki na chogo. Nasema tu kwamba mchezaji anakaa mahali ambapo mkono wake unajibiwa.

Sasa akiba. Ningekuwa na pesa yako ningenunua kwanza televisheni mbili za inchi 32, bapa, ziwe 720p au Full HD, kuchukua nafasi ya chogo. Full HD ukiipata kwa tofauti ndogo ya bei, chukua, itakufaa siku utakapoleta PS4. 4K usiilipie: PS3 haichori mchezo wowote wa 4K, na televisheni ya 4K itazivuta zile nukta 921,600 zijaze milioni nane, kazi ambayo kwenye televisheni za bei nafuu inaongeza kuchelewa na ukungu. Kitu cha pili ni maneti. Maneti yenye kijiti kilicholegea inaharibu mchezo kuliko uchache wowote wa nukta. Kikibaki kitu, anza safari ya PS4 moja ya mtumba. FIFA 19 ya Septemba 2018 ndiyo ya mwisho kutoka kwenye PS3, na vijana wanataka vikosi vya sasa. Huenda hiyo ndiyo sababu nyingine ya wao kuhama, na hakuna kioo kitakachoiponya.

Fikiria umeme pia. PS3 nyembamba ya mwisho inakula karibu wati 75 ikichezwa, televisheni ya LED ya inchi 32 karibu 50. Vituo vinne ni kama wati 500, na jenereta ndogo ya wati 1000 inavibeba bila kupiga kelele ya kuzidiwa wakati umeme umekatwa. Vituo vinne vya PS4 Pro na vioo vya inchi 55 vya 4K vitavuka wati 1000. Jumamosi jioni, mtaa mzima ukiwa gizani na wewe peke yako unawasha, chumba kinachowaka kitajaa watu.

Mwisho ni namna ya kununua, maana hapo ndipo nilipoumia mwenyewe. Miaka michache nyuma nilinunua televisheni iliyoandikwa «4K» kwa herufi kubwa kwenye katoni. Nyumbani nilikuta kioo ni cha 1366 kwa 768. Maneno ya katoni yalimaanisha inapokea ishara ya 4K, kisha inaipunguza. Vivyo hivyo ukiona «1080p» usitosheke. Tafuta mstari wa «résolution native» ndani ya kitabu au kwenye kibandiko cha nyuma, hiyo ndiyo idadi ya nukta za kioo chenyewe. Kama haupo, unganisha kompyuta ndogo kwa 1920 kwa 1080 ufungue ukurasa wa maandishi: kwenye kioo cha Full HD herufi ndogo zinasimama kali, kwenye kioo cha 768 zinakuwa na pamba pembeni.

Na nenda dukani na PS3 yako mkobani, pamoja na waya yako ya HDMI. Muuzaji akikataa uiunganishe, toka. Akikubali, washa Mode jeu, weka mchezo wa mpira kwenye mazoezi ya penalti, mwambie mwenzako akurekodi kwa simu yenye mwendo wa polepole, kidole chako na kioo vikiwa ndani ya picha moja. Simu nyingi za sasa zinarekodi picha 240 kwa sekunde, karibu milisekunde 4 kila moja. Mnapoirudia video, hesabu picha kuanzia kidole kinapozama hadi mchezaji anapoanza kusogea. Fanya hivyo kwa televisheni mbili au tatu, mchezo uleule na maneti ileile, bila kujali zina nukta ngapi. Idadi utakayoipata inabeba uzito wa mchezo wenyewe pia, kwa hiyo kinachokuhusu ni tofauti kati ya televisheni na televisheni. Ile yenye idadi ndogo, beba hiyo.